Ulaya Ipi, Mwanangu?

Bata mzinga ni nyama kavu, na mtu aliyekuzwa kwa ndizi na senene wa Kamachumu halazimiki kuisifia. Respicius hakwenda Bowie, Maryland, siku ile ya Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani ya kushukuru, kwa ajili ya bata mzinga. Alikwenda kwa sababu kwa Elieth kulikuwa na wali wa bure na watu wengi, na ukisikia popote kati ya Baltimore na Woodbridge pana wali wa bure na watu wengi, usiulize kama Respicius kaalikwa. Uliza amekaa wapi.

Alikuwa amekaa karibu na mlango wa jikoni, sahani ya pili mapajani, pale simu ilipoanza kuzunguka mkono kwa mkono. Kwenye kioo cha simu alikuwa Edna wa Rockville, binamu yake Elieth mwenye nyumba, aliyekwenda Vienna Krismasi iliyopita na mpaka leo hajarudi, maana kila mwezi anawarushia watu picha mpya ya safari ileile. Edna na kikombe cha mvinyo wa moto. Edna na kofia ya manyoya. Edna kaegemea kibanda cha mbao kinachouza malaika wa kuchonga, nyuma yake taa zisizohesabika na kanisa kongwe. Kila aliyeipokea simu alisema "mh, hongera yake," kwa ile sauti Waswahili wanayoitumia kumpongeza mtu wanayemtakia mafua.

Elieth alikuwa wa mwisho kuipokea. Huyu ni mama ambaye kwa kawaida hakosi kitu. Ana gereji ya magari mawili, ana kazi ya serikali kuu ambayo ameshawaeleza watu mara nyingi na hakuna aliyewahi kuielewa, ana mtoto anayesomea sheria. Alichokosa ni Ulaya. Aliitazama ile picha, akabinya midomo, akaifunika simu kifudifudi juu ya meza.

Respicius akaweka kijiko chini. Njaa yote ilikuwa imemwisha.

Hapa inabidi tumtendee haki kidogo, maana mbele huko hatutapata nafasi. Respicius alikuwa na shida ya kweli. Miaka kumi na miwili hajaikanyaga Kamachumu. Mchana anaendesha teksi ya kwenye simu, analala chumba cha chini ya nyumba ya mtu Woodbridge, na kila Desemba alimpigia mama yake simu na kumwambia, "Krismasi ijayo, mama." Mwaka huu mama alimjibu kwamba ana miaka sabini na tisa, na kwamba Krismasi ijayo ni ya watu wenye meno. Respicius alikata simu akalia, na ninasema alilia kwa sababu ni kweli. Alitaka kwenda nyumbani. Ila mtoto wa kiume hawezi kutoka Ulaya baada ya miaka kumi na miwili akashuka kwenye basi na mkono mtupu. Afadhali afe. Palihitajika tiketi, palihitajika masanduku, na masanduku yawe mazito.

Akamfuata Elieth jikoni akijifanya anarudisha sahani.

"Dada Elieth," alisema, "Vienna siku hizi wanakwenda watu wa kawaida tu."

Elieth alimtazama kama mtu aliyepewa maji jangwani. Respicius akaendelea polepole. Akasema yeye mwaka huu anapeleka kundi dogo, watu wa heshima zao, si Vienna ya kila mtu, ni mji mdogo wa zamani wenye soko la Krismasi ambalo watalii bado hawajalijua. Nafasi zilikuwa tisa. Zimebaki nne. Alisema zimebaki nne wakati alikuwa hajapata hata mtu wa kwanza, na ndani ya dakika kumi na tano, kabla keki haijakatwa, zilikuwa zimebaki tatu kweli.

Bei ilikuwa ya ajabu. Kwa bei ile usingefika Ulaya hata kwa kuogelea. Lakini mtu akipewa bei ya ajabu hajiulizi imetoka wapi, anajiuliza nani mwingine ameisikia. Gichuki, Mkenya wa kutoka Nyeri anayeendesha lori la mizigo kutoka Maine hadi Florida, alisema hiyo ni ofa ya kuchukua chap chap kabla Watanzania wengine hawajaijua. Akaingia yeye na mke wake.

Sasa sikiliza ujanja wenyewe, maana Respicius hakuwa mwizi wa kukurupuka. Mwizi wa kukurupuka anachukua hela anatoroka, na kesho picha yake iko kwenye makundi yote ya WhatsApp kutoka Virginia hadi Mbeya. Respicius alitaka kula na kunawa. Alikaa akafikiri neno moja tu, neno Ulaya.

Kwa mama yake, na kwa mama wa karibu kila Mtanzania unayemjua, dunia ina sehemu mbili: hapa na Ulaya. London ni Ulaya. Toronto ni Ulaya. Mtoto wa jirani aliyekwenda Korea kusomea matrekta yuko Ulaya, na juzi alituma viatu. Woodbridge, Virginia, ni Ulaya kabisa, tena Ulaya ya ndani. Kwa hiyo Respicius aliandika mkataba wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili fasaha, uliosema: "Kiongozi atawapeleka wasafiri Ulaya, kwenye mji wenye soko la Krismasi, taa, na baridi ya kutosha." Basi. Hakutaja nchi wala ndege. Ukitaka kumshitaki, umshitaki kwa Kiswahili.

Kundi liliusifu mkataba ule sana. Elieth alisema ndivyo inavyotakiwa, lugha yetu tuienzi, Wazungu nao wajifunze. Halikuwajia wazo kwamba mtoto wake anayesomea sheria Kiswahili anakisikia lakini hawezi kukisoma, na ukimpa karatasi ya Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza kwamba ana mtihani. Respicius yeye lilimjia mapema.

Wa mwisho kuingia alikuwa Mama Mwatime.

Huyu ni mama wa Tanga, miaka sitini kasoro, mjane, mpole mpaka unaona aibu kuongea mbele yake. Kila mwaka hukusanya watu wa Virginia na kuwapeleka umra, na hajawahi kupoteza mtu wala begi. Respicius alishangaa Mwislamu anataka nini kwenye Krismasi. Mama Mwatime akamwambia sikukuu ni yenu, mwanangu, lakini soko ni soko. Akavaa miwani, akausoma mkataba mara mbili, kidole kikifuata mstari.

"Ulaya ipi, mwanangu?"

"Ulaya ni Ulaya tu, mama."

"Haya," alisema. "Nimekuuliza tu."

Kisha akaomba kipengele kimoja kiongezwe. Kwenye safari za umra, alieleza, pasipoti hazikai mifukoni mwa watu, zinapotea. Zote zinawekwa kwa mtu mzima mmoja, kuanzia ya kiongozi. Watu wote wakaitikia kwamba hilo ni jambo la busara. Respicius angekataaje? Kiongozi wa msafara wa Ulaya akiogopa kutoa pasipoti, hata Gichuki angeamka. Ikaandikwa kwamba pasipoti zitakaa kwa Mama Mwatime mpaka msafara utakaporudi kutoka Ulaya, na Respicius akatoa yake, ya Tanzania, kadi ya ukaazi ikiwa imechomekwa ndani, akaiweka juu ya zile za bluu za raia wa Marekani. Alipiga hesabu ya siku. Msafara unarudi tarehe ishirini. Ndege yake ya kwenda Entebbe kupitia Brussels ni tarehe ishirini na mbili jioni, halafu basi mpaka Bukoba. Akaweka sahihi huku akipiga mluzi.

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa za furaha. Alinunua tiketi. Alinunua masanduku matatu makubwa, akayajaza: suti mbili, viatu, simu za wajomba, blanketi zito la mama, koti la sufu la mama, na mashine ya kupimia presha, ile inayosoma yenyewe. Hela nyingine, na haikuwa kidogo, akaiweka kwenye bahasha ya kwenda kujimwambafai nayo mtaani. Alimpigia mama simu akamwambia safari hii hasemi "ijayo." Mama akasema atapaka ukuta rangi.

Asubuhi ya tarehe kumi na saba walikutana Rockville kwenye maegesho ya magari. Laiti ungewaona. Elieth alikuwa na kofia ya manyoya kubwa kuliko ya Edna, kwa makusudi, na tayari alikuwa amewatangazia watu mia sita mtandaoni kwamba anaelekea Ulaya. Basi la kukodi likaja. Respicius akaeleza kwamba kiwanja cha ndege cha bei nafuu kiko kaskazini, mbele kidogo. Gichuki, anayezijua barabara zote za Marekani, ndiye mtu pekee ambaye angegundua kitu, lakini dereva wa lori akipanda gari ambalo haendeshi yeye, analala kabla mkanda haujafungwa.

Baada ya mwendo wa saa tatu basi likasimama kwenye mji mdogo wa Pennsylvania ambao waanzilishi wake walitoka Ujerumani, na wajukuu zao kila Desemba wanalikumbuka hilo kwa kuuza soseji. Vibanda vya mbao vilikuwepo. Malaika wa kuchonga walikuwepo. Theluji ilikuwepo, ya kweli, na bendi ya wazee wenye kaptula za ngozi katika baridi ya kuua.

"Karibuni Ulaya," alisema Respicius.

Gichuki akafungua macho, akatazama dirishani.

"Buda, hii ni Pennsylvania. Nimepita hapa na lori mara mia. Pale ndio mimi hujaza mafuta."

Basi likachafuka. Kila mtu alisema lake, na yote yalikuwa kweli. Mke wa Gichuki alisema tumepigwa. Elieth alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Respicius aliwaacha wamalize pumzi, kisha akasimama mbele ya basi kama padre wa Ijumaa Kuu na kuutoa mkataba mfukoni.

"Dada Elieth," alisema, "mama yako kule Machame akiulizwa binti yake anaishi wapi, anajibu nini?"

Elieth akaitazama ile kofia. "Anasema yuko Ulaya."

"Anakosea?"

Hakuna aliyethubutu kusema kwamba mama wa mtu anakosea. Respicius akapandisha sauti kidogo. Akasema Ulaya ni neno la Kiswahili, na Kiswahili ni cha mama zetu, na mama zetu wamesema tangu tulipopanda ndege: hapa ni Ulaya. Nani hapa yuko tayari kumpigia mama yake simu sasa hivi amwambie kwamba miaka ishirini amekuwa akijisifu bure? Gichuki akasema kwao Kenya hii inaitwa majuu, Ulaya ni Ulaya, na asibebwe ufala. Respicius akamjibu kwa upole kwamba mkataba haukuandikwa majuu. Ungeandikwa majuu, angempa haki yake.

Ilikuwa hoja ya kipumbavu kabisa, lakini haikuwa hoja iliyowashinda. Kilichowashinda ni wale watu mia sita wa mtandaoni. Kurudi Bowie leo, Edna ajue? Elieth akatazama nje, akatazama vibanda, akaikaza kofia kichwani.

"Ile bendera ya Marekani," alisema, "ukisimama upande huu haionekani."

Basi wakashuka. Saa ya kwanza waliona aibu, saa ya pili walikuwa hodari. Waligundua kwamba ukichuchumaa kidogo kituo cha mafuta kinapotea nyuma ya mti wa Krismasi. Gichuki aligeuka mtaalamu wa kuziba namba za magari kwa mwili wake. Elieth alimkamata mzee mmoja wa bendi, mstaafu wa posta wa palepale, akamsihi azungumze Kijerumani mbele ya kamera, na mzee akasema neno moja alilolikumbuka kwa bibi yake. Lilitosha.

Mama Mwatime hakupiga picha hata moja ya kwake. Alikaa kwenye benchi na chupa yake ya chai ya tangawizi, na ndiye aliyewapiga picha wenzake wote, bila kuchoka, siku tatu nzima. "Rusha mwanangu, rusha watu waone," alimwambia kila mmoja. "Andika uko Ulaya. Andika na tarehe." Nao wakarusha. Edna aliweka alama ya moyo kwenye picha ya Elieth, moyo mmoja mdogo wenye uchungu, na Elieth akasema hela yake imerudi yote.

Respicius alishangaa mwenyewe. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, akapata shukrani. Waliporudi tarehe ishirini Gichuki alimpa mkono.

Kesho yake mchana akaenda kwa Mama Mwatime, palepale Woodbridge, kuchukua pasipoti. Mama alimpokea kwa chai na vitumbua, akamuuliza hali, akamuuliza mama yake, akamuuliza kama Kamachumu sasa hivi kuna mvua. Respicius alikula vitumbua vitano. Kisha akajikohoza, akasema amekuja kwa kile kitu chake, kesho anasafiri.

"Mkataba unao?" alisema Mama Mwatime. "Hebu nisomee mwanangu, macho yangu haya."

Akamsomea. Pasipoti zitakaa kwa Mama Mwatime mpaka msafara utakaporudi kutoka Ulaya.

"Tumerudi?"

"Tumerudi jana, mama. Tuko Woodbridge."

"Woodbridge ni wapi?"

Respicius akaugeuza mkataba, akautazama upande wa pili, ambao haukuandikwa kitu. 

"Mbele ya watu tisa uliapa kwamba Marekani ni Ulaya," alisema Mama Mwatime bila kupandisha sauti, akimwongezea chai. "Na mimi nimekuamini, weye ni kiongozi wetu. Basi hatujarudi. Mimi kurudi kwangu ni Tanga, nikistaafu. Miaka saba hivi, Mungu akipenda. Nitakupigia simu uje uichukue."

Alijaribu kila kitu. Akacheka, mama naye akacheka. Akatishia polisi, mama akamletea simu na akamwambia awaeleze vizuri, asisahau kuwatafsiria mkataba. Akasema ataomba pasipoti nyingine ubalozini, mama akamkumbusha kwamba ndege ni kesho. Mwisho akamweleza ukweli: mama ana miaka sabini na tisa, amepaka ukuta rangi.

Mama Mwatime alimsikiliza mpaka mwisho. Alisikitika kweli, na alimwambia hivyo. Kisha akasema njia iko moja. Hela za watu zilizobaki azilete hapa hapa leo, na vitu vyote alivyovinunua kwa hela za watu avilete pia, yeye kama mtu mzima atawafikishia wenyewe kama amana. Akishafanya hivyo, yeye kwa moyo wake atakubali kwamba msafara umerudi.

Kuna watu wakinyang'anywa hupiga kelele, na wengine huwa wadogo. Respicius alikuwa mdogo kabisa aliporudi jioni ile na bahasha na masanduku matatu. Mama Mwatime aliyafungua sebuleni, moja moja. Alipofika kwenye mashine ya presha Respicius alimwomba hiyo tu amwachie, ni ya mama. Mama Mwatime akaishika, akaitazama, akairudisha sandukuni.

"Mama anataka kukuona weye, mwanangu, si mashine."

Ukinyang'anywa na mtu anayekupa mawaidha, unabaki huna hata wa kumtukana. Mama akampa pasipoti yake kwa mikono miwili, kwa adabu, na mfuko wa vitumbua vya njiani.

Tarehe ishirini na mbili, saa kumi jioni, Respicius alikuwa kiwanja cha ndege cha Dulles na kibegi kimoja cha mgongoni chenye nguo za ndani. Alijituliza kwamba angalau anakwenda, na watu wamerudishiwa chao, akirudi Januari atakuwa mtu safi. Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Elieth, wa sauti, na sauti yenyewe haikuwa ya Krismasi. Alisema Mama Mwatime amewaambia yote: jinsi alivyomfuata Respicius akimsihi arudishe angalau nusu, jinsi Respicius alivyomfukuza mlangoni mama wa watu, na jinsi anavyotoroka leo na kila senti. Asikanyage tena Maryland. Gichuki naye anamwambia asikanyage barabara yoyote yenye lori.

Respicius akainua macho kutoka kwenye ile simu. Hatua tano mbele yake kwenye foleni ya Brussels, katika koti la sufu la mama yake Respicius, alikuwa amesimama Mama Mwatime.

Hapa mtu angetegemea vurugu. Lakini huyu ni mtoto wa Kihaya aliyelelewa akaleleka, na yule ni mama mtu mzima. Mdomo ukatangulia kabla ya akili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba mwanangu. Kumbe tunapanda moja? Alhamdulillahi, nilikuwa naogopa kusafiri peke yangu."

Respicius akamuuliza, kwa sauti ya chini kwa sababu ya walinzi, anakwenda wapi. Mama Mwatime akashangaa swali. Anakwenda Ulaya. Alilipia Ulaya, wala hakupelekwa. Anaanzia Brussels, kisha Strasbourg, kisha hiyo Vienna ya Edna. Masanduku matatu ameshayakabidhi kwenye kaunta, kule ana mtu wa Mombasa mwenye duka atayanunua kama yalivyo.

"Na hela za wenzako?"

"Wenzangu?" Mama Mwatime akamtazama kwa huruma ya kweli. "Wenzangu wameshakwenda Ulaya, mwanangu. Picha zao nimewapiga mimi mwenyewe. Sasa wadai kitu gani, na wamdai nani?"

Alikuwa sawa. Hakuna hata mmoja kati yao angeweza kulalamika popote bila kwanza kusema neno Pennsylvania. Na Respicius hangeweza kusema lolote bila kwanza kusema yote. Foleni ikasogea. Mama akamwomba amnyanyulie mkoba wake, mgongo unamsumbua, naye akaunyanyua, akaubeba mpaka ndani ya ndege, akausukumiza kule juu. Ulikuwa mzito. Bahasha yake mwenyewe ilikuwemo humo, aliisikia kwa vidole.

Asubuhi walishuka Brussels. Ndani ya kiwanja njia inagawanyika. Upande mmoja ni wale wanaoingia mjini, upande mwingine ni wa kupita tu. Mama Mwatime alitoa pasipoti yake ya bluu. Respicius akashika yake ya Tanzania, ambayo kwa pale bila viza haimfikishi hata kwenye kituo cha teksi. Mtu aliyewauzia watu Ulaya kwa jumla na rejareja alisimama hatua ishirini kutoka Ulaya yenyewe, akaiona kupitia kioo, kuna mvua, kuna basi jekundu limesimama, na hakuruhusiwa.

Mama alimwambia amsubiri dakika mbili. Akaingia duka la palepale, akarudi na boksi la chokoleti lenye utepe wa dhahabu.

"Mpe mama. Mwambie nimemsalimu." Akapiga hatua, akarudi. "Na Virginia usirudi haraka. Wamekasirika."

Akaenda zake. Askari wa mpakani alimgongea muhuri bila hata kumtazama.

Jioni ya mkesha wa Krismasi Respicius alishuka kwenye basi Kamachumu, boksi mkononi. Mama yake alikuwa amesimama mbele ya ukuta uliopakwa rangi ya bluu upande mmoja tu, rangi ilikuwa imeisha. Alimshika mwanawe uso kwa mikono yote miwili, na Respicius alilia mbele ya majirani wote bila kujali nani anamwona. Boksi likafunguliwa. Chokoleti zikakatwa kwa kisu vipande vidogo vidogo ili kila mtu apate, na mama akawatangazia watu kwamba mwanawe ametoka nazo Ulaya. Kwa mara hii ilikuwa kweli tupu, na yeye hakuongeza neno.

Majirani walipoondoka, mama alitazama barabara, kisha akamtazama yeye.

"Masanduku yanakuja kesho?"

"Yamebaki Ulaya, mama."

"Na wewe unarudi lini huko?"

Respicius akaketi kwenye ngazi ya mlango, akavua viatu vyake vya baridi. Akasema ukuta ule upande wa pili ungehitaji makopo mawili ya rangi, na kwamba atauliza bei dukani sikukuu ikiisha. Mama akamwambia basi akaoge, misa ya mkesha inaanza saa tatu usiku.